Maji ya Kambi Muru, Ndege wa Sabaki



Ndugu wasomaji, mama zangu na dada zangu, wiki hii nimeomba nafasi niwasimulie matembezi tuliyoyafanya mwanzoni mwa Novemba, shule zilipofungwa. Tulitoka Kambi Muru, Nairobi, watu ishirini na sita: watoto kumi na wanne wa madrasa yetu, akina mama tisa, na walimu watatu nikiwemo mimi. Tulikwenda kutazama ndege kwenye mlango wa Mto Sabaki, kaskazini ya mji wa Malindi.

Wengi wenu mwaishi Pwani, na huenda Kambi Muru mwaisikia kwa mbali tu. Ni kijiji kimojawapo katika vijiji vya Kibera. Kibera ilianza mwanzoni mwa karne ya 20, walipokaa hapo askari wa Kinubi wa jeshi la KAR pamoja na jamaa zao, pahali penyewe pakiwa bado ni msitu. Jina lenyewe, Kibra, kwa Kinubi ndio msitu. Ardhi yao ilipunguzwa mwaka hadi mwaka, hata mwaka 2017 jamii ya Wanubi ikakabidhiwa hati ya ekari 288 tu. Leo Kambi Muru imechanganya watu wa kila kabila na kila dini. Nyumba zimebanana, vyoo ni vichache, na maji ya kupikia hununuliwa kwa mtungi. Mimi ni mzaliwa wa Pwani, na huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa nasomesha huko. Nimekuwa na miji miwili moyoni, na kwa miaka mingi niliona miji hiyo haina kinachoiunganisha ila basi la usiku.

Kumbe kipo kinachoiunganisha tangu kabla ya barabara. Maji yote ya mitaro ya Kibera huteremka bondeni yakaingia Mto Motoine na Bwawa la Nairobi, bwawa lililojengwa katika miaka ya 1950. Wazee wa kwetu hukumbuka mashua za tanga juu ya bwawa hilo, ambalo leo limefunikwa na magugu maji na taka. Mto ukitoka bwawani huitwa Ngong. Ngong hupita penye viwanda, ukaingia Mto Nairobi, na Mto Nairobi ukaingia Athi. Athi huzunguka Ukambani, hushuka hadi nyika za Tsavo, hupokea Mto Tsavo, na kuanzia hapo huitwa Galana. Unapokaribia bahari ndio Sabaki. Ni mto wa pili kwa urefu nchini Kenya baada ya Tana. Mtu wa Malindi anayeona bahari yake imegeuka nyekundu wakati wa mvua, anaitazama ardhi ya bara ikipita mbele ya macho yake. Na ndani ya tope hilo imo sehemu yetu sisi wa Kambi Muru.

Nilipotangaza safari hii baada ya darasa la Jumamosi, mzazi mmoja aliniambia kwa adabu, "Maalim, watoto hawajamaliza juzuu, nasi twawapeleka kutazama ndege?" Swali lake lilikuwa la haki, nami nikamjibu kwa vitabu. Katika Suratul Mulk tunaamrishwa tuwaangalie ndege walio juu yetu, namna wanavyokunjua mbawa na kuzikunja, wala hawashikiliwi ila na Mwingi wa Rehema. Katika Suratul An'am twaambiwa kwamba wao ni umma mfano wetu. Katika Suratun Nur twafunzwa kuwa kila mmoja wao ameijua sala yake na tasbihi yake. Mtu aliyeamrishwa kutazama, naye akatazama, hajatoka katika darasa. Maulamaa wetu walilijua hilo zamani: Al-Jahiz wa Basra aliyefariki mwaka 869 aliandika kitabu kikubwa juu ya wanyama, na Ad-Damiri wa Misri akaandika chake katika karne ya 14. Kwa hiyo asitwambie mtu kwamba kutazama ndege ni desturi ya watalii. Huko Nairobi kwenyewe, kwa miaka mingi, watu wa kila hali wamekuwa wakikutana kila Jumatano asubuhi kwenye Makumbusho ya Taifa, wakatoka pamoja kwenda kutazama ndege. Yule mzazi alinisikiliza, kisha akaandikisha watoto wake wawili.

Baada ya sala ya alfajiri tulikuwa tumeshavuka daraja la Sabaki. Kijana wa kijiji cha jirani, anayeongoza wageni pale, alitupokea na darubini tatu. Alitupa masharti mawili kabla ya salamu kumalizika: sauti ziwe chini, na asikimbie mtu. Bahari ilikuwa imekupwa nusu na maji yakiendelea kutoka. Tulishuka katikati ya vilima vya mchanga, tukapita ukingoni mwa mikoko, tukatokea kwenye uwanda wa tope ulionyooka hadi kwenye povu la mawimbi. Akina mama walikunja mabuibui na kuvua viatu. Bibi mmoja wa makamo ya miaka sabini, ambaye maishani mwake hakuwahi kuiona bahari, alisimama akasema "Subhanallah" mara tatu, kisha akauliza ni wapi unapoishia mto na bahari kuanza. Hakuna aliyeweza kumwonyesha mpaka, kwa kuwa pale hakuna mpaka: maji ya hudhurungi na maji ya kijani yalikuwa yakisukumana na kuingiliana.

Kwa mbali tope lilionekana tupu. Tulipoweka darubini machoni, lilikuwa limejaa. Walikuwako yangeyange wakitembea kwa madaha, sululu wenye midomo mirefu iliyopinda kama mundu, shakwe waliolala wakielekea upepo, na kundi la heroe, miguu yao miembamba imezama katika kivuli chake wenyewe. Walikuwako vitwitwi mamia kwa mamia, wadogo, rangi ya tope lile lile, wakikimbia na kudona, wakikimbia na kudona, kama cherehani isiyochoka. Upande wa mtoni kiongozi wetu alituonyesha viboko wawili wameinua masikio tu juu ya maji. Kwenye majani mafupi nyuma ya vilima alitutafutia kijindege cha kahawia kisicho na urembo wowote, ambacho wataalamu wa ndege duniani wamekipa jina la Malindi. Watoto walifurahi kuliko walivyowafurahia heroe. Mmoja alisema, "Hata yeye ana kwao."

Kilichowashangaza zaidi ni habari za vitwitwi. Baadhi yao huzaliwa kaskazini kabisa ya dunia, Siberia, kwenye nchi ambayo kiangazi chake ni cha wiki chache tu. Baridi inapokaribia huondoka, wakavuka Asia na Bara Arabu au wakashuka na bonde la Mto Nile, hata wakafika kwetu. Wako miongoni mwao wasiofika gramu 40 kwa uzito. Watakaa nasi kaskazi nzima, na ifikapo Machi na Aprili watakuwa wamenona tayari kurejea. Na pepo zikigeuka, kusi ikianza, mlango huo huo wa mto hupokea wageni wengine: ndege wenye mkia wa panda kama wa mbayuwayu, ambao huzaliana Madagaska peke yake, wakaja kupumzika huku kwetu hadi karibu na Septemba. Sisi tulifika wakati wa tanga mbili, wa kusi wamekwisha ondoka na wa kaskazi wamekwisha wasili. Watu wa Pwani hamhitaji kuelezwa jambo hili. Babu zenu waliyajua majahazi kwa utaratibu huo huo: ya Oman na Ghuba huja na kaskazi, hurejea na kusi. Mola aliyezipanga pepo hizo hakuzipanga kwa ajili ya nahodha peke yake.

Hapo ndipo nilipowaeleza watoto kwa nini tuliambiwa tusikimbie. Kitwitwi aliyefika kutoka Siberia amefika mtupu. Mafuta yake yote ameyaunguza njiani. Kila anaporushwa na kelele zetu, anatumia kidogo cha alichokipata asubuhi ile. Niliwakumbusha hadithi iliyomo katika Sunan ya Abu Dawud, ya ndege aliyechukuliwa makinda yake safarini, akawa anapiga mbawa juu ya watu kwa huzuni, na Mtume (s.a.w.) akauliza ni nani aliyemhuzunisha kwa ajili ya wanawe, akaamrisha arejeshewe. Mtume akiwa safarini, na jeshi lake, na mashughuli yake, alisimama kwa ajili ya ndege mmoja. Tangu hapo sikuwa na haja ya kumnyamazisha mtoto yeyote.

Tuliendelea hadi pale maji ya bamvua yalipoacha mstari wake juu ya mchanga. Nyote mwaujua mstari huo: huwa wa mwani, vijiti na makombe. Huu ulikuwa pia wa chupa za plastiki, champali zisizo na wenziwe, vifuniko, vipande vya mifuko, sindano bila bomba, na nepi za watoto zilizovimba kwa maji. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza bara, na mto ulikuwa umesafisha njia yake. Katikati ya vitu hivyo vitwitwi waliendelea kudona. Hawakuwa na pahali pengine pa kwenda; wamekwisha safiri nusu ya dunia, na hapa ndipo walipoelekezwa na Mola wao.

Binti mmoja wa miaka kumi na mmoja, anayesoma Safinatun Najaa darasani kwangu, aliniuliza, "Maalim, haya ni maji yetu? Yana twahara?"

Nilimwambia ajibu mwenyewe, kwa kuwa somo analo. Akasimama wima kama aliye darasani akasema: maji machache, yasiyofika kula mbili, hunajisika kwa kuguswa tu na najisi, maji mengi hayanajisiki mpaka yabadilike ladha, rangi au harufu. Nikamuuliza, maji ya mtaro wa Kambi Muru je? Akasema yamebadilika yote matatu. Na haya? Akayatazama. Rangi imebadilika, akasema, lakini ni kwa udongo, na udongo wa njiani kwake mto hauyatoi maji katika twahara. Harufu ni ya bahari. Nami nikamkamilishia: maji mengi yaliyonajisika kwa kubadilika, mabadiliko yakiondoka yenyewe au kwa kuongezewa maji mengine, twahara yake hurejea. Njiani mto wetu umeongezewa mvua na mito mingine, umepigwa na jua, umechujwa na mchanga wa Tsavo. Kwa hukumu ya udhu umerudi kuwa maji. Si maji ya kunywa, nikamwonya, maana fiqhi ya twahara ni mlango mmoja na afya ni mlango mwingine.

Kisha nikawaambia wote lililokuwa moyoni mwangu. Mwenyezi Mungu kwa rehema yake ameupa mto uwezo wa kuusamehe uchafu wetu mwingi. Lakini plastiki mto hauwezi kuisamehe. Huibeba tu, kama amana tuliyoutwisha bila kuuomba ruhusa, ukaja kuikabidhi mlangoni kwa jirani. Jibrili (a.s.) alimuusia Mtume juu ya jirani hata akadhani kwamba jirani atarithishwa. Sisi jirani twamhesabu kwa mlango na ukuta, ilhali watu wa Sabaki ni jirani zetu kwa maji, na hawa ndege ni jirani zao. Na Mtume ametuonya juu ya mambo matatu yanayoleta laana: kujisaidia penye maji, njiani, na kwenye kivuli wanapopumzika watu. Nepi iliyotupwa mtoni ni nini isipokuwa jambo lilo hilo, limefungwa ndani ya plastiki?

Mama mmoja, mfua nguo, mwenye mtoto mchanga mgongoni, alinitazama bila hasira akasema, "Maalim, naitupa wapi? Choo ninachokilipia hawaniruhusu kuitia. Gari la taka haliingii njia zetu. Nikiiweka mlangoni jirani hugomba, na usiku mbwa huipasua. Mto ndio unaochukua bila kuuliza."

Wenziwe walinyamaza, nami nikanyamaza. Hadithi nilizokuwa nazo zilikuwa sahihi, na maneno yake pia yalikuwa kweli. Mtu hakalifishwi ila kwa kadiri ya uwezo wake, na mwenye kuamrisha jema humpasa aonyeshe na njia ya kulifikia. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, tarehe 28 Agosti 2017, ilikuwa na sheria na faini. Mama huyu hakuwa na hata pipa.

Basi tulikaa juu ya mchanga, kivulini, tukafanya shura, akina mama wakizungumza zaidi. Yule bibi wa miaka sabini alisema kwamba yeye alilea watoto saba kwa winda la kitambaa. Mfua nguo akamjibu kwamba kitambaa chataka maji, na maji yeye huyanunua mtungi kwa mtungi, tena baada ya kufua za watu mikono haina nguvu ya kufua zake. Hakuna aliyembishia. Mimi niliwaongezea jambo la fiqhi ambalo wengine walikuwa hawalijui: mkojo wa mtoto wa kiume asiyetimiza miaka miwili na asiyekula ila maziwa ni najisi hafifu; yatosha kunyunyiziwa maji hadi yaenee pahali pake. Wa mtoto wa kike huoshwa. Baadhi yao walicheka kwa afueni, wakasema rukhsa hiyo ingewafaa tangu zamani.

Hatimaye waliafikiana mambo matatu. Mchana, mtoto akiwa nyumbani, avishwe winda kwa anayeweza. Nepi ya kununua iwekwe kwa ajili ya safari na usiku. Pili, pawepo gunia lenye kifuniko nyuma ya madrasa, na vijana wa mtaa wanaokusanya taka walipwe kulipeleka hadi barabara kuu mara mbili kwa juma. Tatu, malipo yatoke kwa mchango wa kila nyumba, na asiyekuwa nacho asiulizwe. Sanduku la madrasa limlipie. Hili la tatu lilitoka kwa bibi, na ndilo lililoyafanya mengine mawili yawezekane.

Adhuhuri ilipoingia tulitawadha baharini, maji ambayo Mtume ametuambia ni twahara, tukasali adhuhuri na alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kama wasafiri. Maji yalikuwa yameanza kujaa. Vitwitwi waliinuka kundi zima, wakageuka hewani kwa pamoja, mara weupe mara hudhurungi, wakatua karibu na mikoko kungoja maji yapwe tena.

Nawaandikia baada ya wiki tano. Wiki ya kwanza nyumba kumi na moja zilileta taka zao. Sasa ni thelathini na nne. Mfua nguo ni mmoja wao. Mto Motoine haujabadilika. Anayepita juu yake leo ataziba pua kama alivyoziba mwaka jana. Nyumba thelathini na nne si kitu mbele ya Kibera nzima, wala sisi si peke yetu juu ya mto huo. Vipo viwanda, na zipo mitaa yenye majumba makubwa ambayo mifereji yake ya uchafu huishia kwenye mto ule ule. Kwa hiyo natoa wito mara mbili. Wenye mamlaka wakumbuke kuwa Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, imempa kila mtu haki ya mazingira safi, naye mama wa Kambi Muru ni mtu. Na sisi wazazi, kabla ya kungoja mamlaka, tuangalie kile kinachotoka mlangoni mwetu kila siku kinaelekea kwa nani.

Enyi watu wa Pwani, wapelekeni watoto wenu wakaone. Sabaki iko karibu nanyi, na ndege wapo hadi Machi. Nendeni maji yakipwa, na asubuhi mapema. Msiwarushie mawe, msiwakimbize. Waambieni watoto kwamba mbayuwayu wanaotua kwenye nyaya za Kambi Muru miezi hii ni wageni wa msimu ule ule, nao wametoka mbali vile vile. Mtume (s.a.w.) ametufunza tawakkul kwa mfano wa ndege: hutoka asubuhi na matumbo matupu, hurejea jioni wameshiba. Wanaotoka asubuhi wawe na pahali pa kushukia. Hilo ni katika amana tuliyoibeba.

Namuomba Mwenyezi Mungu ayatwaharishe maji yetu na nyoyo zetu, awajaze kheri akina mama wanaobeba mitungi mgongoni na watoto kifuani, na atujaalie tuwe majirani ambao walio chini yetu hawadhuriki kwa ajili yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.